Mstari wa Rangi ya Kucha

Siku ya kwanza tuliandika majina, tukatia saini,
tukapewa kalamu, daftari na chupa ya maji.
Kundi letu: mwenye kiwanda cha barafu Kurasini,
karani wa ushirika, vijana wawili wasafirisha pweza
wenye viatu vinavyong'aa,
na mimi, Zamoyoni, dalali wa Feri,
miaka kumi na tisa naishi kwa koo langu.

Ukumbi wa Kunduchi una feni nne, inazunguka moja.
Kwenye bango kitita wameandika: MNYORORO WA THAMANI.
Nikacheka peke yangu. Mnyororo ninaoujua mimi
ni wa nanga, na ule wa deni:
nahodha ananidai, nami namdai mkaangaji,
mkaangaji anamdai fundi bomba aliyekula kichwa cha chewa
tangu mwezi wa Rajabu.
Bi. Eutropia akasema, "Huo huo. Uandike."

Hakuwa mtu wa pwani. Samaki aliwajua kwa majina ya vitabuni,
lakini kisu alikishika kama aliyezaliwa nacho.
Siku ya tatu alitugawia rula za mbao, za shule,
kila moja kaipiga mstari mwekundu
kwa rangi ya kucha. Yake mwenyewe, tuliiona vidoleni.
"Tasi akiishia chini ya hapa, hajazaa hata mara moja.
Kesho kila mtu aje na alichokiuza."

Nilinunua tena tasi kumi
kutoka fungu nililolinadi mwenyewe,
nikawalaza juu ya gazeti.
Mmoja alivuka mstari.
Mmoja, na mkia wake niliuvuta kidogo.
Bi. Eutropia aliona, akanyamaza.
Akawapasua wale tisa, akanionyesha ndani:
kiuzi chembamba, mahali pa mayai.
Nikaisikia sauti yangu ya asubuhi ile:
Themanini! Themanini na tano! Nani ana tisini?
Nilikuwa nanadi watoto,
na nilikuwa nawanadi vizuri.

Cheti kina muhuri; jina langu limekosewa herufi.
Somo la uongozi lilikuwa na mishale na maduara.
Hakuna mshale ulioelekea kwa Kombo Mwinchande,
nahodha, shemeji yangu, aliyelipa hospitali nilipojifungua,
aliyetua beseni mbele yangu Jumatatu,
tasi wa urefu wa kiganja,
akasema, "Haya, fungua mdomo."

Nikatoa rula.

Soko likacheka. Mtu akauliza kama siku hizi nashona suruali.
Nikapima watatu, polepole, mbele yake,
mikono ikinitetemeka kama ya mwizi.
Nikasema, "Kombo, hawa siwanadi.
Wavu wako una macho madogo mno, na sisi tumeyafumba yetu."
Hakujibu. Aliinua beseni
akalipeleka kwa Sefu Tindwa, hatua sita tu,
na Sefu akanadi mpaka tisini na mbili.
Nilisimama pale nikiihesabu asilimia yangu
ikiingia mfuko wa jirani.

Sisemi bahari imepona. Wiki ile tulikula mihogo,
na dada yangu hajapokea simu yangu mpaka leo.
Ila Alhamisi yule wa barafu alikuja na rula yake,
akasimama ubavuni pangu, hakueleza kwa nini.
Na jana Bi. Siwatu, mkaangaji, mwenye deni langu,
alichomoa tasi mmoja kwenye fungu la Sefu, akaniita:
"Hebu mpime huyu, nijue namkaanga nani."

Usiku rula ni ya mwanangu.
Anachorea pembetatu, analalamika inanuka.
Kuna gamba limegandia pale karibu na mstari;
nimemwambia aliache.
Mstari wenyewe umeanza kufutika.
Kesho, nikitoka mnadani, nitapita dukani
kununua rangi ya kucha, nyekundu,
mimi ambaye sijawahi kupaka.